Tulimwambia mama kasafiri

Mdogo wangu ana miaka 34. Nyumbani tunamwita Nahodha, jina alilojipa mwenyewe siku alipopanda pantoni ya Msangamkuu mara ya kwanza, akamwona mshika usukani amekaa juu peke yake na watu wote wanamsubiri yeye. Naishi naye hapa Chikongola, Mtwara, na asubuhi tunafuatana mpaka dukani kwangu, steshenari ndogo ya fotokopi, madaftari na bahasha za kaki. Yeye ni mtu wa stepla. Anaibamiza kwa kiganja kama anapigilia msumari kwenye mtumbwi, na wateja wazoefu hawanipi mimi karatasi zao, wanampa yeye.

Alizaliwa na hali inayoitwa Down. Watu wengi tuna kromosomu namba 21 mbili. Yeye anazo tatu. Majina ambayo mtaa unaipa hali hiyo mnayajua, sina haja ya kuyarudia.

Habari hii nimekaa nayo tangu 2021. Nimeona niiandike sasa, kabla sijazoea kuisimulia kwa namna inayonipendelea.

Mama alifariki mwezi wa saba, alfajiri, kwa presha. Kufika saa tatu turubai limeshafungwa, wanaume wako nje kwenye mikeka, wanawake tumejaa ndani, na Nahodha anazunguka akimwamkia kila anayeingia, "Shikamoo," hata watoto wa darasa la pili. Hao watoto wanamwitikia marahaba huku wanacheka. Ndivyo alivyozoea.

Mjomba akanivuta kando. "Mwanangu, huyu mpelekeni kwa jirani mpaka tutoke makaburini. Atatuharibia maziko."

Kwetu Wamakonde ukoo unashikwa upande wa mama, mjomba akisema kasema. Lakini sitamsingizia. Nilikubali haraka, na moyoni nikashukuru kwamba kuna mtu amelisema kabla yangu. Nahodha akapelekwa nyumba ya tatu, akafunguliwa katuni na soda. Jeneza likapita barabara ya nyuma.

Jioni akarudi, akaenda chumbani kwa mama, akatoka. "Mama?"

Nikamwambia, "Mama kasafiri."

Sasa elewa jambo moja. Nahodha alikuwa anaijua safari moja tu ya mama. Alhamisi asubuhi mama anavuka kwenda Msangamkuu kwa mama yetu mdogo, jioni anarudi na pantoni, na kikapuni mna pweza. Hiyo ndiyo maana ya neno kusafiri kwake. Kesho yake saa kumi alasiri alivaa shati la kola, akaenda kivukoni.

Akaenda na kesho kutwa. Akaenda mpaka arobaini ikapita. Vijana wa boda pale wakawa wanamjua, wakati mwingine mmoja wao ananirudishia giza likishaingia, hataki hata hela. Na sisi nyumbani, Mungu atusamehe, tulikuwa tunamsifu. Hakulia hata siku moja. Mashangazi walisema, "Afadhali yeye haelewi." Nami nikaitikia, "Afadhali."

Mwezi wa tisa akaacha kwenda. Nikadhani kasahau. Baada ya hapo ndipo yalipoanza. Alikuwa halali, namsikia saa nane za usiku anatembea uani. Alianza kukojoa kitandani, mtu ambaye hakukojoa tangu utotoni. Ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha, ambayo kwa kawaida ukiweka sahani mezani ukageuka unakuta maganda, aliisukuma mbali. Duka akalikataa. Kisha akaanza kujipiga kichwa ukutani, upande wa kulia, mpaka pakawa na doa la mafuta ya nywele kwenye rangi ya ukuta. Siku moja alimsukuma mtoto wa mpangaji akaanguka kwenye ngazi. Hapo ndipo watu walipoona kuna tatizo. Siku zote za ukuta walikuwa hawajaliona.

Kila niliyemuuliza alinijibu vile vile kwa maneno tofauti: ndivyo walivyo hawa, wakikua wanakuwa wakali. Mama mdogo alikuja na shehe, Nahodha akasomewa na kunyweshwa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya. Sitaki kulidharau lile. Katika watu wote wa miezi ile, shehe alikuwa wa kwanza kumwekea mkono kichwani na kuongea na yeye mwenyewe. Usiku ule alilala. Usiku uliofuata hakulala.

Tukaenda kwenye kituo kimoja cha tiba, sitakitaja. Mtaalamu akaniuliza mimi, "Ana shida gani?" Nikajibu, "Ana ulemavu wa akili," na kalamu ikaanza kukimbia pale pale, kabla sijafika kwenye ukuta na kitanda.

Hili neno akili linatutesa. Ulemavu wa akili, ugonjwa wa akili, afya ya akili, hana akili, ana akili za darasani: mzigo wote umebebwa na punda mmoja. Ulemavu wa akili mtu anakuwa nao tangu kuzaliwa au tangu utotoni. Kujifunza kwake kunakwenda polepole, na atakuwa nao maisha yake yote. Ugonjwa wa akili, kama sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, unaweza kumpata yeyote, unakuja na unatibika. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, kama mtu anavyoweza kuwa kiwete na akaumwa malaria. Nchi yenyewe ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mdogo wangu ni wa zote mbili. Pale mezani alitosha kwenye mstari mmoja tu.

Alipewa haloperidol, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili. Siku ya tatu shingo ikampinda, macho yakaangalia dari, ulimi mzito, mate yanamtoka. Nilidhani anakufa. Tuliporudi tukaongezewa Artane ya kuondoa ule ukakamavu, na kweli shingo ilinyooka. Lakini sasa nikawa na mtu anayekaa tu. Hapigi ukuta, hapigi stepla, hamwamkii mtu. Majirani wakasema dawa imemkubali.

Aliyetutoa hapo ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali nyingine, binti mdogo, sidhani kama alikuwa amefika miaka 27. Tuliingia, nikavuta kiti nianze kueleza kama kawaida. Yeye akanipita, akachuchumaa mbele ya Nahodha, akasema, "Shikamoo, kaka."

Nahodha akamwangalia kwa muda. Akaniangalia mimi. Katika miaka yake yote sijawahi kusikia mtu akimpa shikamoo. Yeye ndiye wa kuitoa kila siku kama mtu anayelipa kodi. Ulimi ulikuwa bado mzito na dawa, lakini akaitoa nzima: "Marahaba."

Niliangalia dirishani nisije nikalia ofisini kwa watu.

Swali lake la pili lilinijia mimi, na lilikuwa fupi. "Kabla ya mwezi wa tisa alikuwaje?" Nikamweleza stepla, ming'oko, nyimbo anazoimba akioga. Akauliza, "Nyumbani kumebadilika nini mwaka huu?" Nikasema mama amefariki, ila hilo yeye hajui, tulimwambia kasafiri. Muuguzi akaacha kuandika.

Hakutupa jibu siku ile. Alitupa kazi. Akasema nichukue daftari, na madaftari ndiyo biashara yangu, niandike kwa wiki tatu: kalala saa ngapi, kala nini, choo kapata au hakupata, na kila akijipiga niandike saa, na kilichotokea nusu saa kabla. Nisiandike "kawa mkorofi." Niandike kilichotokea. Dawa nisiikatishe ghafla kwa hasira. Daktari wao ataishusha kidogo kidogo, na akafanya hivyo. Walichukua pia damu wapime homoni ya tezi ya shingoni, thairoidi, kwa sababu watu wenye hali ya Down huipata shida hiyo kwa wingi, na ikipungua mtu anapooza na kununa hivi hivi. Majibu yalikuja sawa.

Usiku, mashine ya fotokopi ikishapoa, nilikuwa nasoma kwenye simu. Nilikutana na utafiti wa Glasgow, Uskoti, uliotolewa mwaka 2007. Walipimwa watu wazima 1,023 wenye ulemavu wa akili. Kwa tathmini ya madaktari wenyewe, watu 41 hivi katika kila 100 walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili. Watu wale wale wakipimwa kwa vigezo vya kawaida vya vitabuni, wanabaki 16 hivi. Sehemu ya pengo hilo ni tabia kama kujipiga na kupiga wengine, ambazo madaktari wale walizihesabu na vitabu vya kawaida havizihesabu hivyo. Nililisoma hilo mara nyingi. Vitabu hivyo pia hutegemea sana mgonjwa aseme mwenyewe: sina raha, sioni maana ya kuishi. Nahodha hana sentensi hiyo. Alichokuwa nacho ni ukuta.

Nikakuta kwamba hata lile la "ndivyo walivyo" lina jina la kitaalamu, walilipa watafiti wa Marekani mwaka 1982: ulemavu unatupa kivuli, na kila ugonjwa unaokuja juu yake unapotelea kivulini. Nikakuta na jingine lililonikasirisha. Jaribio lililochapishwa mwaka 2008, lililofanyika zaidi Uingereza, liliwachukua watu 86 wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakali lakini hawakuwa na ugonjwa wa kuona au kusikia visivyokuwepo. Wakagawanywa: wengine haloperidol, wengine risperidone, dawa ya jamii hiyo hiyo, wengine kidonge kisicho na dawa yoyote. Baada ya wiki nne ukali ulipungua kwa wote, na waliopungukiwa zaidi ni wale wa kidonge kitupu. Sisemi dawa hizi hazifai. Kuna watu zimewarudisha kwenye maisha yao, na ninamjua mmoja mtaa wa pili. Nasema tu kwamba nilisoma hayo huku mtu wangu amekaa pembeni anatokwa mate.

Turudi kwenye daftari. Ni lile la kaunta, la kurasa nyingi, na bado ninalo. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Wiki ya pili nilipoanza kulisoma kwa safu ya saa, niliona anajipiga nyakati mbili. Moja ni asubuhi, dakika chache baada ya chai. Nyingine ni saa kumi na moja jioni, hata siku ambazo hakunywa chai wala kula.

Nilimpelekea muuguzi. Alisoma ile ya asubuhi, akachukua tochi, akamwomba Nahodha, akamwomba kweli, si kumshika taya, afungue mdomo. Nyuma kulia, gego limeoza mpaka kwenye fizi. Chai ya moto yenye sukari ilikuwa inaingia mle kila siku, naye anaugonga upande huo huo ukutani. Kituo cha kwanza hakuna aliyechungulia. Wala mimi sikuchungulia, na ndiye ninayemnunulia mswaki. Wiki ile jino liling'olewa, na kujipiga kwa asubuhi kukaisha. Kuisha kabisa.

Ya saa kumi na moja ikabaki. Saa kumi na moja ndiyo saa ambayo mama alikuwa akifika mlangoni na kikapu.

"Hilo la jioni halina koleo," muuguzi alisema. "Ni la kumwambia."

Akanifundisha namna. Nitumie neno kufa. Kiswahili chetu kimejaa adabu mbele ya kifo: ametutoka, ametangulia, amepumzika, ameitwa. Mtu anayechukua neno kama lilivyo utamwumiza kwa kila mojawapo. Ukimwambia mama amelala, ataogopa kulala. Ukimwambia ametangulia, atauliza tumfuate lini. Sema amekufa, mwili haufanyi kazi, hapumui, hasikii njaa, hatarudi. Sema kwa sentensi fupi, nyamaza, ngoja. Akiuliza tena kesho, jibu vile vile, usichoke. Kisha mwonyeshe kitu cha kushika, maana maneno peke yake hayamtoshi.

Kitu cha kushika ni kaburi, na kwetu wanawake hatuendi makaburini. Ilibidi nimwendee mjomba.

Mjomba alikataa. Unamchimbulia msiba wa nini, alishasahau. Sikubishana. Nilifungua daftari nikamsomea, kavu kama lilivyoandikwa. Jumatatu, 11:05 jioni, kasimama mlangoni, kajipiga mara sita. Jumanne, 11:00, kasimama mlangoni, kajipiga mara nne, kakojoa. Jumatano. Alhamisi, 10:50, kavaa shati la kola, kavua, kajipiga, sikuhesabu. Nilipofika wiki ya pili akaniwekea mkono kwenye ukurasa.

"Mimi ndiye niliyempeleka jandoni," akasema.

Ni kweli. Mwaka ule watu walicheka, wengine walisema anapotezewa muda, huyu hata wimbo wa jando hataushika. Mjomba na mama walisimama kidete: ni mtoto wa kiume, ataingia na wenzake na atatoka na wenzake. Alitoka na wenzake, na nyimbo anazishika mpaka leo kuliko wengi wao. Kwa hiyo kwa ukoo wetu Nahodha ni mwanaume kamili tangu zamani, na mtoto wa kiume ana haki ya kumtupia mama yake udongo viganja vitatu. Haki ile tuliibadilisha kwa katuni na soda.

Nilimwambia Nahodha jioni ile, tumekaa kwenye mkeka. Mama amekufa. Hakusafiri, dada alikosea. Hatarudi. Akauliza, "Pantoni?" Nikamwambia pantoni haimleti. Akauliza mara tatu, nikajibu mara tatu.

Asubuhi mjomba alimchukua. Mimi sikuwepo, kwa hiyo hapa nasimulia ya kusimuliwa. Mjomba anasema alimwonyesha kaburi, akamwambia mama yako yumo humu, akamchotea udongo mkononi. Nahodha akaumwaga taratibu, kiganja, kiganja, kiganja. Akataka kuongeza cha nne. Mjomba akamwacha aongeze.

Alirudi, akaingia chumbani kwa mama, akalia siku tisa. Kilio cha sauti, kinasikika barabarani. Waliosema haelewi wakaja kuniambia nimemharibu, alikuwa ametulia. Alikuwa amelia kwa kuchelewa miezi mitano, na wao nyumbani kwao wakifiwa wanaletewa uji na watu wa kulala nao. Mjomba alikuja akakaa naye usiku tatu mfululizo barazani, hawazungumzi, wanakula korosho. Matanga yake, nadhani, ndiyo yalikuwa yale.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani mambo yalinyooka. Kuna jioni bado anasimama mlangoni. Mwezi wa Julai huwa mgumu, na sasa ninajua niache kazi mapema. Muuguzi alihamishwa mkoa mwingine. Aliyekuja baada yake ni mtu mzuri ila anaongea na mimi, na kila tukienda namkumbusha kwa kumsukumia Nahodha kiti cha mbele. Dawa alimaliza kuachishwa mwaka uliofuata. Alhamisi nafunga duka saa sita, tunavuka wote kwenda kwa mama mdogo, na jioni yeye ndiye anayebeba kikapu cha pweza. Ming'oko anakula na ya kwangu.

Wiki iliyopita bibi wa mtoto wa mpangaji alifariki huko Newala. Mtoto, wa miaka sita hivi, alikuwa anacheza mlangoni kwa duka akamwambia Nahodha kwamba bibi kasafiri. Nahodha akaweka stepla chini. "Kafa," akamwambia. "Pantoni haimleti." Kisha akamnyoshea kipande cha kashata.

Jioni mama wa mtoto alinijia juu: mdogo wako kamliza mwanangu, mfundishe adabu. Nilitafuta cha kumjibu nikakosa. Nahodha alikuwa nyuma yangu, akamwamkia, "Shikamoo." Yule mama alikuwa ameshafungua mdomo aendelee, akajikuta ameitikia.